Umepigwa tochi eneo la shule? Kabla ya kubishana, chukua futi kamba

Anayeendesha barabara ya Mtwara kwenda Lindi, au ile inayochepuka Mingoyo kwenda Mtama, Nyangao, Ndanda mpaka Masasi, hahitaji kuelezwa tochi, kile kifaa cha askari cha kupima mwendo, ni nini. Shule nyingi za msingi huku zimejengwa kando ya lami. Penye shule utakuta kibao, zebra, pengine matuta, na siku usiyoitegemea, askari na tochi yake. Mimi ni msimamizi wa magari: malori ya saruji na korosho, na Kosta za wafanyakazi. Notifikesheni za madereva, yaani hati za polisi za kudai faini, zinaishia mezani kwangu, na kazi yangu ni kuamua ipi tunalipa na ipi tunaikataa.

Nyingi tunalipa. Gari dogo likiwa na mwendo wa kilomita 50 kwa saa linakata karibu mita 14 kila sekunde. Mpaka dereva ashtuke, mguu ufike kwenye breki na gari lisimame kwenye lami kavu, umeshakula mita kama 28. Kwa 30 ni chini ya nusu ya hapo. Fuso lenye tani za korosho linataka zaidi. Basi kama picha ni ya gari lako, mahali ni penyewe na mwendo ni huo, lipa, usinitafute. Mwongozo huu ni wa zile notifikesheni nyingine, ambazo ukizikagua vizuri unakuta namba, mahali au gari havikubaliani.

Kwanza jua unadaiwa nini

Kosa la "kuzidisha mwendo eneo la shule" lina namba mbili: mwendo uliopimwa na mwendo ulioruhusiwa. Madereva wanagombana na ile ya kwanza. Ile ya pili ndiyo yenye kesi.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, inaweka kilomita 50 kwa saa ndani ya mji, manispaa, mji mdogo na maeneo ya makazi. Hiyo ipo hata kama hukuona kibao. Ile 30 ya shule ni jambo jingine. Inatoka kwenye kibao cha duara chenye ukingo mwekundu, kimeandikwa 30. Kibao cha pembetatu chenye picha ya watoto kinakuonya tu, hakina namba. Kwa hiyo kama umeandikiwa 44 kwenye eneo la 30, na barabarani pana pembetatu peke yake, umepata pa kuanzia. Lakini kama umeandikiwa 63, hata vibao vyote ving'olewe bado umezidi 50 ya makazi. Hapo usijisumbue.

Na ile hoja ya "ilikuwa Jumapili, shule imefungwa"? Kibao cha duara kisipokuwa na bango dogo la saa chini yake, kinafanya kazi Jumapili, likizo na usiku wa manane. Nimesikia madereva wakiitoa kwa kujiamini sana. Haijawahi kuwasaidia.

Hatua ya 1: Pale pale barabarani, omba picha

Simama vizuri, zima injini, shusha kioo. "Afande, habari za kazi. Naomba nione picha tafadhali." Basi. Usianze na "mnatuonea" wala kumpigia mkubwa fulani simu. Dereva akianza hivyo, askari naye anafunga mashine na kuandika, na wewe umepoteza nafasi ya kuiona ile picha ikiwa bado mbichi.

Ukionyeshwa, usitazame mwendo peke yake. Soma vitu hivi na uviandike kwenye simu kabla hujaondoa gari: tarehe na saa, mwendo, jina la mahali, na umbali. Umbali ni ile namba yenye herufi m, kwa mfano 236 m. Ndiyo mita kati ya askari na gari lako wakati unapimwa. Dereva mmoja kati ya wengi ndiye anayeitazama, na mwongozo huu kwa sehemu kubwa umesimama juu yake.

Kisha tazama alama ya shabaha, ule msalaba au kiduara. Imekaa kwenye gari gani? Tochi za leza zina mwale mwembamba; kwenye mita 300 upana wake ni kama mita moja, kwa hiyo shabaha ikiwa kwenye sahani yako ya namba, ni wewe. Tochi za rada mwale wake unatanuka sana, na kwa umbali huo unaweza kufunika barabara nzima na vichaka vyake. Ikiwa wakati huo basi lilikuwa linakupita, swali la "namba hii ni ya gari lipi" ni la haki kabisa. Angalia pia kama ni uso wa gari au mgongo. Picha ya mgongo inamaanisha ulishampita askari, na hesabu ya hatua ya 3 inageuka.

Mwisho, andika alipokuwa amesimama askari: chini ya mkorosho upi, mkabala na nini. Andika na namba yake ya kazi kama inaonekana kwenye sare au kwenye notifikesheni.

Ikiwa hukusimamishwa, na umekuta deni kwenye mfumo wa polisi ulipoingiza namba ya gari, hatua hii unaifanya ofisini kwa trafiki wa wilaya husika. Nenda na nakala ya kadi ya gari. Mwenye gari ataulizwa nani alikuwa anaendesha, kwa hiyo jibu uwe nalo kabla hujafika.

Hatua ya 2: Usilipe kabla hujaamua

Kulipa ni kukubali kosa. Huwezi kulipa leo "ili gari liondoke" halafu kesho useme ulionewa. Notifikesheni ni tuhuma. Ukiikubali unalipa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, kwa simu au benki. Ukiikataa, njia ni mahakama. Katiba, ibara ya 13(6)(b), inasema anayeshtakiwa kwa jinai asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike, na kosa la barabarani ni jinai, dogo lakini jinai.

Ila muda haukusubiri. Notifikesheni ina siku zake za kulipa, na zikipita deni linapanda. Hivyo hatua ya 3 mpaka ya 5 zifanye ndani ya siku hizo.

Na uwe na hesabu ya mfukoni. Faini ambayo kila mwenye gari anaijua ni shilingi 30,000. Bodaboda na bajaji walishushiwa mpaka 10,000 kwenye bajeti ya 2021/22. Kesi inasikilizwa wilaya lilikodaiwa kutokea kosa. Ukiishi Mtwara mjini na umepigwa tochi Lindi, kila tarehe ya kesi ni zaidi ya kilomita 100 kwenda na nyingine kurudi, na kesi haiishi kwa tarehe moja. Tena ukitiwa hatiani hakimu hafungwi na ile 30,000. Mtu mwenye gari lake la nyumbani na hoja ya kubahatisha, ningemwambia alipe. Dereva wa kuajiriwa, ambaye kila kosa linaandikwa kwenye faili lake na mwajiri, hesabu yake ni nyingine.

Jambo moja halina mjadala: usitoe hela mkononi. Ukiombwa, TAKUKURU wanapokea simu bure kwa 113.

Hatua ya 3: Rudi na futi kamba

Rudi siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi. Usiache wiki ipite. Kibao kilichoanguka kinaweza kusimamishwa, majani yanaweza kufyekwa, na ushahidi wako utakuwa maneno matupu. Nenda na mtu mwingine, futi kamba ya mita 50 ya mafundi ujenzi, na simu yenye chaji. Vaeni kizibao cha kung'aa. Malori ya barabara hii mnayajua.

Pima kutoka alipokuwa amesimama askari mpaka kwenye kibao cha 30, kwenye upande uliokuwa unatokea. Sasa fanya hesabu.

Mfano. Unatokea Nyangao unakuja Mtama. Askari alisimama ndani ya eneo la shule, mita 40 baada ya kibao cha 30. Picha, ya uso wa gari, inasema mwendo 47, umbali 236 m. Toa 40 kwenye 236, unabaki na 196. Maana yake ni kwamba tochi ilipokusoma, ulikuwa mita 196 *kabla* ya kufika kwenye kibao. Pale ulipokuwa ruhusa ni 50 ya makazi, na wewe ulikuwa 47. Hakuna kosa, hata kama tochi ni mpya na askari ni mkweli.

Hii haitokani na hila ya mtu. Askari anasimama penye shule kwa sababu ndipo penye watoto, na tochi inaona mbali. Anabonyeza gari likiwa bado linakuja, akiamini kila kilicho mbele yake ni eneo la shule. Wewe ukifika pale umeshapunguza mpaka 25, unasema "lakini nilikuwa taratibu!", naye anakuonyesha 47. Nyote mnasema kweli.

Picha ikiwa ya mgongo, pima upande wa pili: kutoka kwa askari mpaka kibao cha mwisho wa eneo. Umbali ukizidi hapo, ulikuwa umeshatoka.

Ukishapima, piga picha kwa mpangilio huu: moja ukiwa kwenye kiti cha dereva, gari limesimama pembeni, mita 100 hivi kabla ya kibao, moja ya kibao kwa karibu, moja ya futi kamba ikiwa chini na namba inaonekana, moja ukiwa pale alipokuwa askari ukitazama upande uliotokea. Ile ya kwenye kiti cha dereva ina thamani kuliko zote, kwa sababu inaonyesha kama kibao kinaonekana au kimemezwa na tawi la mkorosho. Baada ya mvua za masika huku nyasi zinapanda kufikia kioo cha gari.

Kibao kisipokuwepo kabisa (vingine huishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu), usiishie kusema hakipo. Andika barua fupi ofisi ya meneja wa TANROADS wa mkoa, Mtwara au Lindi, uulize kama siku hiyo palikuwa na kibao cha mwendo mahali hapo. Hao ndio wenye barabara kuu na za mkoa. Barabara za mitaani na za vijijini, muulize TARURA. Jibu lenye mhuri wao lina uzito kuliko picha zako kumi.

Hatua ya 4: Gari lako nalo lina kumbukumbu

Gari lenye GPS, au basi lililofungwa mfumo wa kufuatilia mwendo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, lina historia yake. Omba taarifa ya saa nzima, si ya dakika ile moja tu, ili isionekane umechagua.

Angalia saa kwa makini. Mifumo mingi ya GPS inahifadhi muda wa kimataifa, ambao uko nyuma yetu kwa saa tatu. Tukio la saa moja na dakika kumi asubuhi, yaani 07:10 kwenye picha ya tochi, litaonekana kwenye ripoti kama 04:10. Mtu asiyejua atasema gari lilikuwa limelala gereji, na ushahidi mzuri unageuka kichekesho mbele ya hakimu. Mwombe aliyekufungia kifaa akupe ripoti yenye saa za Afrika Mashariki.

Angalia pia kifaa kinarekodi kila baada ya muda gani. Kikirekodi kila dakika, kwa mwendo wa 50 gari limesogea zaidi ya mita 800 kati ya nukta na nukta. Ripoti hiyo haithibitishi mwendo wako mbele ya zebra. Inathibitisha tu kama gari lilikuwa Mtama au lilikuwa Masasi.

Na hilo wakati mwingine ndilo linalotakiwa. Herufi B na D, E na F, zikiwa na vumbi la Newala, zinafanana kwenye picha. Deni la gari la mtu mwingine linaweza kukaa kwenye namba yako. Hapo linganisha rangi, aina ya gari, keria, hata stika ya kioo cha mbele.

Dashibodi yako usiitegemee sana. Kwa kawaida inasoma juu kidogo ya mwendo halisi, na hilo ni zuri kwako. Lakini ukifunga matairi makubwa kuliko ya kiwandani, kama wanavyofanya wenye pikapu za kwenda mashambani kwenye mchanga, inasoma chini. Tairi lililoongezeka mzunguko kwa asilimia 5, dashibodi ikisema 50 wewe uko 52 na nusu.

Hoja ya pembe nayo iache. Utasikia kijiweni kwamba askari akisimama pembeni tochi inakosea. Inakosea kweli, lakini kwa faida yako: ikipima kwa kukata pembe inasoma pungufu ya mwendo halisi.

Hatua ya 5: Barua kwa mkuu wa trafiki wa wilaya

Kabla ya mahakama, pitia kwa DTO. Mambo mengi huishia hapa, hasa ya namba ya gari kusomwa vibaya. Barua iwe ukurasa mmoja, bila malalamiko ya tabia za askari kwa ujumla. Yetu huwa hivi:

*Kuh: Notifikesheni namba … ya tarehe … , gari namba …*

*Afande, gari tajwa liliandikiwa mwendo wa 47 kwenye eneo la 30, Shule ya Msingi … . Picha inaonyesha umbali wa mita 236. Tumepima kutoka mahali alipokuwa askari mpaka kibao cha 30 na kupata mita 40. Kwa hesabu hiyo gari lilipimwa mita 196 kabla ya kibao, ndani ya eneo la 50. Tunaambatisha picha nne na mchoro. Tunaomba picha halisi ipitiwe na notifikesheni ifutwe. Tuko tayari kufika mahali hapo pamoja na askari mtakayemteua.*

Sentensi ya mwisho usiiache. Inaonyesha huogopi kupimwa tena. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa, urudi nayo.

Hatua ya 6: Mahakamani

Wakikataa, na wewe bado unasimama na hoja yako, sema unakataa kosa na uko tayari kushtakiwa. Makosa haya yana dhamana. Nenda na kitambulisho cha NIDA, barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji, na mdhamini.

Shtaka likisomwa, jibu ni "si kweli". Usiseme "ni kweli ila…". Unaweza kuandikwa kuwa umekiri, na aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe hawezi kukata rufaa juu ya hatia, labda juu ya adhabu tu.

Shahidi wao mkuu ni askari aliyeshika tochi. Zamu yako ya kumhoji ikifika, usihutubie. Maswali mafupi, na kila moja uwe unajua jibu lake:

"Afande, siku hiyo ulisimama wapi?" "Kutoka hapo mpaka kibao cha 30 ni mita ngapi?" "Picha yako inaonyesha umbali gani?" "Kwa hiyo gari lilikuwa limeshafika kwenye kibao, au bado?"

Ukipata jibu la "bado", kaa. Madereva wengi huharibu hapa kwa kuongeza swali la tano.

Unaweza pia kuuliza kifaa kilihakikiwa lini na kama cheti kipo, na kama picha iliyoletwa imetoka kwenye mashine yenyewe au imepitia simu za watu. Picha ya tochi ni ushahidi wa kielektroniki. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama iangalie jinsi taarifa ilivyotengenezwa, kutunzwa na kusafirishwa. Picha iliyorushwa WhatsApp kutoka askari mmoja kwenda mwingine ina maswali ambayo iliyomo ndani ya mashine haina. Lakini kama hoja yako ni umbali, usiushambulie umbali huo huo kwa kusema tochi ni mbovu. Chagua moja.

Zamu yako ya kujitetea, toa picha, mchoro na yule uliyekwenda naye kupima. Aje mwenyewe. Maelezo yake kwenye karatasi hayahojiwi.

Hatua ya 7: Baada ya uamuzi

Ukishindwa na unaamini hakimu amekosea, taarifa ya nia ya kukata rufaa inatolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, kwenda Mahakama Kuu, Kanda ya Mtwara. Hapo tafuta wakili.

Ukishinda, omba nakala ya uamuzi na uipeleke mwenyewe ofisi ya trafiki iliyokuandikia, nakala moja igongwe mhuri. Kisha kila baada ya siku chache ingiza namba ya gari kwenye mfumo mpaka deni litoke. Wakati linasubiri kutoka, nakala yenye mhuri ikae kwenye gari pamoja na bima na kadi. Askari wa Nangurukuru atakayekusimamisha saa tisa usiku atakuwa na mashine inayosema gari linadaiwa, na huwezi kumpata mtu wa ofisi ya Lindi saa hiyo.